Kilichofuata Baada ya Nzuri

Kosa langu ni tarakimu moja. Niliiandika mwezi wa saba, ofisini kwetu Tukuyu, mkono mmoja ukiwa na kikombe cha chai, na sikuhisi chochote. Sasa nikiikumbuka uso unaniwaka hata nikiwa peke yangu chumbani.

Ilisema hivi: mistari ya maneno, moja.

Programu yetu inaitwa Jirani. Chini yake bado kuna iOS, ule mfumo wa simu wa tangu zamani, toleo ambalo namba yake hata sisi wabunifu tumeacha kuikariri, na kwenye iOS orodha ni orodha tangu enzi za bibi zetu: visanduku vilivyopangana, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kimebeba maneno yake. Ukikiandikia kisanduku "moja", maneno yanakaa kwenye mstari mmoja tu. Yakizidi yanakatwa, na mahali pake zinabaki nukta tatu. Ukikiandikia "sifuri", hakuna kikomo, kisanduku kinarefuka mpaka maneno yaishe. Ndivyo ilivyo, sifuri ndiyo inayotoa yote. Vijana ninaowafundisha hucheka wakilisikia jambo hilo, na mimi nilikuwa nacheka nao.

Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimekaa mbele ya kioo cha kompyuta, na Bwana Gwakisa, mkuu wetu, amesimama nyuma ya kiti changu. Kwenye kioo kulikuwa na visanduku vitatu, vyote vya mtu mmoja, Subilaga Mwakalinga, miaka themanini na moja, anaishi peke yake.

Jumatatu. Nzuri tu, mwanangu…

Jumanne. Nzuri, tunashukuru…

Jumatano. Salama tu…

Vyote vitatu vilikuwa vya kijani.

"Fungua," alisema Bwana Gwakisa.

Nikagusa nukta za Jumatatu. Kisanduku kikapanuka: Nzuri tu, mwanangu, tumeamka, mvua ndiyo hiyo haikatiki, ila nimeteleza hapa jikoni na mguu naona umegeuka.

Nikagusa za Jumanne: Nzuri, tunashukuru Mungu, ila bado nipo hapahapa chini, vidole vya mguu sivisikii, na ndoo ya maji siifikii.

Kidole kikafika juu ya Jumatano, kikagoma.

"Na cha tatu?"

"Inatosha, Mkuu. Tumeshaelewa."

Hakunilazimisha. Nadhani naye hakuwa na hamu ya kukiona.

Niseme Jirani ni nini, maana watu wa mbali hudhani ni mchezo. Tangu vijana wa milima hii wahamie miji mipya kufuata kazi, sheria inataka kila mzee anayeishi peke yake awe na sikio na mdomo kwenye ukuta wa jikoni. Kila siku saa moja asubuhi ukuta unamwamkia: "Shikamoo. Umeamkaje?" Mzee anaitikia marahaba, anaeleza alivyoamka, na maneno yake yanatua kwenye kioo cha mlezi wa kata, ambaye ana wazee arobaini na zaidi wa kuangalia. Jirani anapima neno la kwanza baada ya marahaba. Likiwa nzuri, salama au sijambo, kisanduku kinakuwa cha kijani. Visanduku vyote vikiwa vya kijani, pazia dogo la kijani linajitokeza chini ya kioo na kuelea juu ya orodha, limeandikwa: Wote wameamka salama. Mlezi anaweka kioo mfukoni, anaendelea na siku yake.

Pazia lile nililibuni mimi. Kupima neno la kwanza nilibuni mimi. Hata ile sauti ya shikamoo ni yangu.

Mgeni angefanya kosa hili kwa kutojua, na ningemsamehe. Mimi nimezaliwa humu. Siku mjomba wangu alipofariki, mama alinipigia simu, nikamuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri, hatujambo wote, migomba imezaa, ila mjomba wako ametutoka alfajiri. Sikushangaa hata kidogo, kwa sababu ndivyo sisi tunavyosema. Nzuri ni mlango tu, na habari yenyewe iko ndani, baada ya ila. Nilijua hivyo tangu naota meno, na bado nikakata sentensi za wazee wa watu mlangoni.

Kwa nini? Tulikuwa na maonyesho Mbeya. Visanduku vya majaribio vilikuwa vinapishana urefu, kimoja mstari mmoja, kingine mitano, maana wazee wetu wakianza kusimulia hawana haraka. Orodha ilionekana ovyo. Nikaandika moja, ikanyooka, Bwana Gwakisa akapiga makofi. Hakuna sababu nyingine. Nimeitafuta sana sababu ya heshima zaidi na sijaipata.

"Sasa sikiliza, Tusajigwe," alisema mkuu, akavuta kiti. "Baraza la Malezi linakaa Jumanne. Watauliza kama maneno yalikuwepo, na sisi tutajibu yalikuwepo, tena yalikuwa yanafunguka kwa kuguswa. Mlezi hakugusa. Uongo uko wapi?"

"Mkuu, alikuwa na wazee arobaini na wawili. Na pazia lilikuwa linamwambia wote wako salama."

"Ndiyo maana leo unabadilisha hiyo moja iwe sifuri. Wazee wengine watakuwa salama, si ndicho unachotaka? Na Baraza likifungua orodha, litaona maneno yote waziwazi. Yule mlezi ndiye atakayejieleza."

"Kuna ujumbe wake," nilisema.

Kwenye majaribio ya mwezi wa saba, mlezi mmoja kati ya thelathini aliniandikia. Ndiye huyuhuyu, jina lake Ambokile. Aliandika: "Dada, wazee wa huku huanza na nzuri hata nyumba ikiwa inaungua. Habari yenyewe inakuja baada ya ila. Tafadhali tuachieni tuone maneno yote." Nilimjibu siku hiyohiyo. Niliandika: "Tumepokea maoni yako. Asante kwa ushirikiano."

"Kumbukumbu za majaribio huwa tunazifuta kila mwaka," alisema Bwana Gwakisa, sauti ya chini, ya upole. "Tukizifuta leo hakuna atakayeshangaa. Sikulazimishi, binti yangu. Lakini fikiria wewe utakuwa nani mjini hapa wakishajua."

Nikaandika sifuri mahali pa moja, nikatuma toleo jipya. Hilo silijutii. Kisha nikafungua kumbukumbu za majaribio, na kioo kikaniuliza kama nina uhakika. Nilibonyeza ndiyo kwa kidole kilekile kilichogoma kufungua Jumatano. Kumbe hakikuwa na huruma yoyote, kilikuwa kinajihurumia chenyewe.

* * *

Jumamosi mchana nilikwenda hospitali nikiwa na parachichi na shuka jipya.

Subilaga Mwakalinga ni Mwalimu Subilaga. Alinifundisha darasa la pili. Nilikuwa na tabia ya kusoma nusu ya sentensi na kubahatisha iliyobaki, naye alikuwa anagonga dawati langu kwa kipande cha chaki: "Usiishie njiani, Tusa. Soma mpaka nukta." Darasa zima lilikuwa linacheka. Nilipokuwa mtu mzima na kazi yangu, nilikwenda kumfungia Jirani kwa mikono yangu mwenyewe, jikoni kwake, karibu na kabati la vikombe. Nikamwambia kwa majivuno, "Mwalimu, huu nimeutengeneza mimi. Ukisema hapa ni sawa na kuniambia mimi." Akaupapasa ule ukuta kwa kiganja, akasema amefurahi sana.

Nilimkuta ameegemea mito. Shuka lilikuwa limeinuka upande mmoja wa kitanda na limelala tambarare upande wa pili. Walikuwa wamemkata chini ya goti siku ya Alhamisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Tusa. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za kazi?"

"Nzuri."

Akanitazama. Nilijua anasubiri nini. Mtu wa kwetu akisema nzuri na kunyamaza, msikilizaji humwachia nafasi, maana kuna kitu kinakuja. Mwalimu aliniachia nafasi kubwa kabisa. Nikaanza kummenyea parachichi.

"Pole sana, Mwalimu," nilisema, nikiliangalia parachichi.

"Nimeshapoa. Mungu ni mwema. Ule ukuta wako, Tusa, uliharibika?"

Ningeweza kusema hapo, tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Tunauchunguza." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ikabaki vilevile, sakafu ya hospitali yenye harufu ya dawa.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mrefu, koti limelowa, na chupa ya uji mkononi. Sikuwahi kumwona uso kwa uso, lakini nilimtambua kwa beji ya mlezi. Ndiye aliyemkuta Mwalimu sakafuni Jumatano mchana, alipopita kwenye mzunguko wake wa wiki.

"Huyu ni Ambokile," alisema Mwalimu. "Anakuja kila siku kuomba msamaha, nimemwambia imetosha."

"Haijatosha, Mama," alisema Ambokile. Akamimina uji, akaupoza kwanza kabla ya kumpa. Kisha akanigeukia. "Dada Tusajigwe? Nashukuru Mungu nimekuona. Jumanne wananiita Barazani, wanataka kuninyang'anya beji. Wanasema ni uzembe, huenda wakanifikisha na polisi."

"Nimesikia. Pole."

"Mimi sijitetei kwa Mama hapa, nilipaswa kugusa zile nukta. Lakini dada, ule ujumbe wangu wa mwezi wa saba ulikufikia, si ndiyo? Ulinijibu. Kwangu haupo, vioo vyetu havitunzi kitu zaidi ya mwezi. Wakiuliza, wewe si utawaambia?"

Mwalimu alikuwa ameshika kikombe na kututazama sote wawili.

"Nitaangalia kwenye kumbukumbu," nilisema.

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, akanishukuru. Nilitoka pale bila kuaga vizuri, na njia nzima nilikuwa naufuta ule mkono kwenye sketi.

* * *

Baraza lilikaa Jumanne saa nne asubuhi, ukumbi wa kata, mvua ikipiga bati mpaka wasemaji walilazimika kupaza sauti. Mwenyekiti alikuwa Mama Lwitiko, mwanamke mnene mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Walezi wenzake Ambokile walijaza viti vya nyuma. Mwalimu Subilaga aliletwa kwa kiti cha magurudumu, blanketi mapajani. Bwana Gwakisa aliketi pembeni yangu, amenyoosha tai.

Kwenye ukuta wa mbele walikuwa wametundika kioo kikubwa, na juu yake wakafungua orodha ya Mwalimu. Kisanduku cha Jumatatu kilirefuka chenyewe, maneno yote hadharani. Cha Jumanne vilevile. Sifuri yangu ilikuwa inafanya kazi yake vizuri. Ukumbi ukasoma kimya, nikasikia mtu nyuma akisema "Yesu wangu."

Cha tatu hakikuonekana. Pazia la kijani lilikuwa limejitokeza na kukifunika, na herufi zake nyeupe zilikuwa kubwa kuliko nilivyozikumbuka: Wote wameamka salama. Katika haraka yangu ya Ijumaa nilibadilisha kisanduku, nikasahau pazia.

Mama Lwitiko alivaa miwani. "Ambokile, mwanangu. Maneno si haya hapa? Hata mimi na macho yangu haya nayasoma. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Ambokile akasimama. "Mama Mwenyekiti, kwangu hayakuwa hivi. Yalikuwa yamekatwa."

"Yamekatwa na nani?"

"Yalikuwa na nukta tatu. Na hilo la kijani. Niliwaandikia, Mama, mwezi wa saba. Niliwaambia wazee huanza na nzuri."

"Ujumbe huo uko wapi?"

Ambokile akageuka kunitazama. Hakuwa na hasira yoyote. Alinitazama kama mtu anayemwangalia mwenzake aliyebeba funguo za nyumba.

Bwana Gwakisa akainuka nusu. "Mama Mwenyekiti, tumepekua kumbukumbu zetu. Ujumbe wa namna hiyo haupo."

Na kweli haukuwepo. Hapo ndipo nilipoona uzuri wa kazi yetu: hakuna neno hata moja la uongo lililokuwa limesemwa ukumbini. Kila mtu alikuwa amesema nusu iliyo kweli, na nusu nyingine imezikwa. Ambokile akakaa chini taratibu. Akaanza kufungua pini ya beji yake, hata kabla ya kuambiwa.

"Basi tumsikie mbunifu mwenyewe, tumalize," alisema Mama Lwitiko. "Njoo mbele, binti. Hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Habari za kazi?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, la kunitoa wasiwasi. Nikamwona Mwalimu Subilaga kwenye kiti chake, mikono juu ya blanketi, mahali ambapo blanketi halikuwa na kitu chini yake. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kidogo, ananiachia nafasi kama ile ya Jumamosi.

"Nzuri, Mama," nilisema. "Nzuri, ila…"

Bwana Gwakisa akakohoa.

"Ila ujumbe wa Ambokile ulinifikia. Niliusoma, nikamjibu asante, nikauacha. Na Ijumaa iliyopita niliufuta kwa mkono wangu. Hayo maneno mnayoyasoma yalikuwa yamekatwa kama anavyosema, mimi ndiye niliyeyakata, kwa sababu nilitaka orodha ipendeze kwenye maonyesho. Nilijua tunavyosema. Hakuna mtu humu ndani aliyejua zaidi yangu."

Nilikuwa nadhani nikishasema nitajisikia mwepesi, ndivyo watu wanavyotuambia. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia nimevuliwa nguo mbele ya watu walionijua tangu utotoni, na aliyenivua ni mimi. Sikuweza kumtazama Ambokile. Nilisikia tu pini ya beji ikibanwa tena, tik.

Mama Lwitiko alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakunifokea. "Na hilo la kijani," aliuliza, "limefunika nini?"

"Jumatano, Mama."

"Inasemaje?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Niliogopa kuisoma."

Kulikuwa na mguno kutoka viti vya nyuma, na nilistahili. Nikaenda mpaka kwenye kioo, nikaweka kiganja juu ya pazia. Nililitengeneza lisukumike kwa wepesi, nilijivunia sana wepesi ule. Likateleza pembeni, likapotea. Kisanduku cha Jumatano kikaanza kurefuka, mstari baada ya mstari, kirefu kuliko vile viwili vya juu, na nikaona jina langu kabla sijasoma chochote kingine.

Nikafumba macho.

"Tusa," alisema Mwalimu Subilaga. Sauti yake ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa ileile ya darasa la pili. "Soma kwa sauti."

"Mwalimu, nakuomba."

"Soma. Usiishie njiani."

Nikafumbua macho, nikasoma.

"Salama tu, ila nina kiu. Mvua naisikia dirishani. Tusa, mwanangu, ulisema nikisema hapa ni sawa na kukuambia wewe. Basi nakuambia. Sijui kama nimekosea kusema, labda sikusema vizuri jana na juzi. Kama nimekosea unisahihishe. Tusa, nina kiu."

Hapo palikuwa na nukta, moja tu.